Makaburi ya bankambo ku ziwa Kisale: satelite inaweza kutusaidia kuyachunga?

Mwana Kisale (Lubumbashi)

Yambo benu bote. Nalomba musaada kwa benye banajua mambo ya karte na satelite, juu miye niko muntu wa biashara tu, nauzisha bitenge ku komini Kenya ya hapa Lubumbashi, ile masomo sikufanyaka.

Maneno iko hivi. Mama yangu ni wa upande ya Kinkondja, huku Katanga ku Kongo, kijiji yao iko pembeni kabisa ya ziwa Kisale. Kule muntu akichimba shimo ya choo anapata chungu, akichimba musingi ya nyumba anapata chungu. Mama anasema wakati alikuwa mutoto balikuwa banaokota byungu bidogo sana, bingine bya kuenea mu mukono, na nkambo wake alikuwa anabakatalia kuchezea, anabaambia ile ni ya benyewe, murudishe mu udongo. Basi na shiye tulikomala tunajua vile.

Mwaka jana nikaenda kwa matanga ya yaya wangu, nikakuta nyuma ya kijiji mashimo mapya. Nilihesabu kumi na mbili. Ya duara, udongo imetupwa pembeni, bigae bya byungu bimevunjika-vunjika pale juu, na mu shimo moya nikaona mufupa. Ya muntu. Sikulala ile usiku. Muzee mumoya akaniambia kwa sauti ya chini ni bantu ba mbali, balikuja na pikipiki, banatafuta ile misalaba ya shaba na bikomo bya mukono juu kuko benye banauza. Kurudi huku nikapeleka maneno mu biro moya, bakanisikiliza vizuri, bakaandika mu kaye, sasa ni miezi munane.

Rafiki yangu wa kompyuta ananiambia ku Siria balionaka wezi ba bitu bya kale kwa satelite. Ni kweli? Shiye naye tunaweza? Na kama naona mashimo mu foto, kiisha nafanya nini? Natia hapa foto ya karte na pwe (nukta) ya fasi kabisa ili bantu bengi basaidie kuangalia.

Mwalimu wa Katuba

Ndugu, mbele ya salamu: tosha ile karte. Sasa hivi, usingoje jibu ingine. Hapa banasoma bantu bengi, na ule wa pikipiki naye anaweza kuwa na telefone. Ukishatosha tutaongea.

Mwana Kisale (Lubumbashi)

Nimetosha, mwalimu. Munisamehe, sikuwaza upande ile.

Geometre wa Kampemba

Yambo ndugu, na pole sana juu ya yaya yako. Mwalimu amesema kweli tupu. Kulikuwa programu moya ya mwarkeolojia wa Marekani, Sarah Parcak, ilianza 2017 na inchi ya Peru, inaitwa GlobalXplorer, bantu ba dunia yote balikuwa banaangalia foto za satelite kutafuta mashimo ya wezi. Lakini kila muntu alikuwa anaonyeshwa kipande kidogo tu, bila kujua iko wapi. Balifanya vile kusudi muntu asaidie bila kupata njia ya kwenda kuiba. Wewe naye ufanye vile: foto unaweza kuonyesha, fasi hapana.

Sasa kwa maulizo yako. Mi nafanya topografia ku mine, satelite naangalia karibu kila siku ya kazi. Ku Siria ndiyo, ni kweli. Kuko muji ya zamani ya Waroma inaitwa Apamea, foto ya mwezi wa 7 2011 inaonyesha udongo iko tulivu, foto ya mwezi wa 4 2012 ni mashimo juu ya mashimo, kama ngozi yenye ilipita ndui. Na 2015, ku Palmyra, muji ingine ya kale ya Siria, ile servisi ya satelite ya ONU (Umoja wa Mataifa), UNOSAT, njo ilihakikisha na foto kama hekalu ya Bel imebomolewa, juu hakuna muntu wao angefika pale na miguu. Lakini angalia vizuri hiyo mifano: zote mbili satelite ilifika kiisha hasara. Ilitoa ushuhuda, haikushika mukono wa mwizi. Nakuambia hii mapema usije kuwa na matumaini ya kwamba kuko jicho kule juu yenye itapiga kelele siku ileile.

Kingine ni ukubwa wa pikseli, ni kusema kale kanukta kenye kanafanya foto, na hapo njo bengi banapotea. Foto ya bure yenye inakuja kila mara ni ya Sentinel-2, satelite za Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2015, sasa zinapita juu ya fasi moya karibu kila siku 5. Ni nzuri sana, lakini pikseli yake ni meta 10 kwa 10, ni kusema nyumba yako na kipande ya kiwanja binaingia mu kanukta kamoya. Shimo ya meta moya na nusu hautaiona hata ukodoe macho namna gani. Landsat ya Wamarekani iko na foto tangu 1972 na ni bure kwa bote tangu 2008, lakini pikseli ni meta 30, na kwa foto za kwanza ni kubwa zaidi. Ile ni ya kuona mashamba yanapanuka, barabara mupya, mine inafungua tumbo ya kilima. Shimo ya muntu unaiona mu foto za santimeta 30 ao 50. Hizo ni za makampuni, kuagiza mupya ni makuta mingi, mais Google Earth inazionyesha bure na ku kompyuta kuko kasaa kadogo pale juu, ukikafinya unarudi nyuma miaka kwa miaka. Kwa fasi za pori kama kwenu unaweza kukuta foto ya mwaka fulani, kiisha hakuna kitu miaka mitatu mine, kiisha moya yenye imefunikwa nusu na mawingu. Uvumilie.

Kazi ya kwanza njo hii: tafuta foto yenye ni mbele ya mashimo. Chora mupaka wa fasi juu yake, chunga ile fishie kwako. Kila foto mupya yenye inatoka unaipanga juu ya ile ya kwanza. Muntu mwenye hana foto ya kwanza ataona alama mingi lakini hatajua ni gani ya jana na gani ya wakati wa Mobutu.

Sasa sikia, huku Katanga kuko mutego moya mukubwa: bichuguu. Unajua bile bichuguu byetu birefu kuliko nyumba, bimejaa kuanzia hapa Lubumbashi mupaka mbali. Kutoka juu ni nukta za duara, zimeachana sawasawa kama muntu alizipanda. Na bantu banabichimba juu ya kufanya matofali, donc unapata duara yenye katikati imevunjwa na udongo mwekundu imemwagika, sawasawa na kaburi yenye imefunguliwa. Nilishaona kijana wa stage analeta raporo ya «mashimo mia mbili», tukaenda na gari, ni bichuguu byote. Ongeza fasi za kuchoma makala, na yale madoa meusi ya moto wa pori mu mwezi wa 8.

Dawa yake ni kivuli. Hizi foto zinapigwa asubuhi, karibu saa ine na nusu, jua iko upande wa mashariki. Kitu yenye inainuka inangaa upande wa jua na inatupa kivuli magharibi. Shimo ni kinyume: giza iko ndani upande wa mashariki, ukuta wa magharibi njo unangaa. Kwa mwezi wa 6 na wa 7 jua yetu inaegemea kaskazini, kwa hiyo usome kaskazini-mashariki. Jizoeze na kitu unajua, angalia kisima ama kichuguu cha pembeni ya kwako, kiisha rudi Kisale. Udongo mupya nayo inakuwa nyeupe zaidi, mvua moya mbili zikipita inazimika.

Mwalimu wa Katuba

Asante geometre, umeeleza vizuri. Mimi nafundisha historia, kwa hivyo acha niseme kitu juu ya hizo byungu bidogo za mama yako, kwa sababu nilisoma post yako nikasimama pale.

Mwambie mama kwamba nkambo wake alisema kweli, ile ilikuwa ya benyewe. Kule Sanga, ku pembeni ya ziwa hilohilo, Jacques Nenquin alichimba mwaka 1957, mwaka uliofuata akarudi na Jean Hiernaux, na kuanzia 1974 Pierre de Maret wa Bruxelles akaendelea. Walikuta makaburi mengi sana ya wakati tunaita Kisalien, hasa wa karne ya 10 mpaka ya 13. Maiti wamelazwa na byungu, na bikomo bya shaba, na byuma, pembe ya ndovu. Na ku makaburi ya watoto byungu ni bidogo. Ukubwa wa chungu ulifuata umri wa marehemu. Bile mama yako alikuwa anaokota huenda muntu alimufinyangia mutoto wake mwenye alikufa, miaka karibu elfu moja iliyopita. Sasa ule wa pikipiki anavunja hiyo juu haina bei, anatafuta shaba.

Misalaba naye inakuja kiisha, mu wakati wa Kabambien, wenye ulifuata Kisalien. Ya kwanza ni mikubwa, na gisi karne zinapita inakuwa midogo na inafanana, njo maana wanahistoria wanasema ilianza kutumika kama feza. Lakini hiyo yote ilijulikana kwa sababu musalaba ulikutwa pale ulipolazwa, ku mukono ama ku kifua cha nani, pamoja na chungu gani. Ukishatolewa mu shimo usiku ni kipande cha chuma tu cha kuuza. Hapo ndipo ninaumia.

Na kuhusu satelite, shida ya Upemba, lile bonde lenye ziwa Kisale iko ndani yake, si pikseli peke yake. Misri wana kuta, wana mawe, udongo una alama. Kwetu pale hakuna kitu juu. Kati ya maziwa na mabwawa fasi kavu ni chache, kwa hivyo watu wa leo wanakaa palepale walikaa wa zamani, nyumba iko juu ya kaburi. Kutoka juu unaona kijiji, mihogo, miembe. Satelite haitagundua makaburi ya Kisale. Itaonyesha kidonda tu. Wenye wanajua makaburi yako wapi ni mama yako na wazee kama ule alikuongelesha kwa sauti ya chini, na hiyo maarifa inaenda kaburini na wao kama haijaandikwa.

Juu ya sheria: iko. Ordonansi-loi namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa 3 1971 inachunga mali ya utamaduni, kuchimba bila ruhusa ni kosa. Hata kode ya mine ya 2002 inasema mwenye kibali akikuta kitu cha urithi asikihamishe, ajulishe wakubwa kwa maandishi. Ukienda tena usiende na maneno ya mudomo. Andika barua, ya sultani wa kijiji iwe na muhuri, uweke foto mbili, ya mbele na ya nyuma, tarehe iko wazi. Kopi ku makumbusho ya Lubumbashi, kopi ku wilaya. Kaye inapotea, barua yenye accusé de réception (karatasi ya kuonyesha waliipokea) haipotei kirahisi.

Kaka wa Bukama

Benu munaongea ya sheria na satelite, mi nauliza: kuchunga juu ya nani? Bitu bya Sanga bingi biliendaka wapi? Nyingine Tervuren, ku makumbusho ya Ubelgiji. Balichimba, bakabeba, bakaandika bitabu bya Kizungu, na mutoto wa Kinkondja hajaona hata foto. Na bale banachimba usiku si bote ni bantu ba mbali, bamoya ni bandugu zetu, samaki imepungua, muntu iko na batoto sita. Ukimupigia polisi juu ya musalaba wa shaba unafikiri kijiji itakupenda?

Sikatae kazi yenu. Naumia tu juu kila mara banatuita kulinda, kiisha kitu inaishia mu sanduku ya muntu mwingine.

Mwalimu wa Katuba

Kaka, hilo ulizo ni la kweli na sina jibu la kukufurahisha. Lakini sehemu ya bitu bya Sanga iko hapahapa ku makumbusho yetu, misalaba pia, mimi nimepeleka wanafunzi. Mutoto moja wa familia ya kule alisimama mbele ya chungu mpaka nikamuita mara tatu. Na angalia tofauti: chungu cha Tervuren tunajua kilitoka kaburi gani, tunaweza kukidai siku moja kwa jina lake. Chenye kinauzwa usiku hatutakidai kamwe, juu hakuna mwenye anajua kama kilikuwako.

Na juu ya ndugu wenye wanachimba, nakubali. Kwa hivyo sikusema polisi. Nilisema sultani.

Geometre wa Kampemba

Naongeza kitu kimoya juu ya kuchunga kwa ajili ya nani. Mine zetu, karibu zote, Wabeleji hawakuzivumbua. Balionyeshwa. Jules Cornet alipopita huku 1892 alionyeshwa mashimo ya bankambo, bale tunaita balaji ba shaba, balikuwa banachimba malakite na kuyeyusha mu tanuru za udongo wa kichuguu. Mine ya Étoile yenyewe, Kalukuluku, ni vile. Kiisha masini zikaja zikameza mashimo ya kale yote, na leo ukitaka kuonyesha mutoto nkambo wake alichimba wapi, unamuonyesha shimo ya kilometa. Kazi yangu ni ile masini, nasema hivi nikiwa ndani yake. Kama tungekuwa na foto moya ya mbele ya masini, mbele ya 1911, ningeilipia mushahara wa mwezi.

Mwana Semliki (Goma)

Bonjour ba ndugu ba kule chini. Mi niko Goma, nilifanyaka kazi na bale banachunga mupaka ya parke na foto za satelite, acha niongeze ya kwetu.

Huku tuko na Ishango, pale mto Semliki unatoka mu ziwa Edouard. Jean de Heinzelin alipata pale, 1950, ule mufupa wenye mistari, bengi banafikiri ni ya kuhesabu, iko na miaka karibu 20,000, leo iko Bruxelles. Fasi yenyewe iko ndani ya parke ya Virunga, na hiyo njo bahati yake, juu parke iko na balinzi na foto zinaangaliwa sana, ya miti, ya mashamba, ya moshi. Hakuna mwenye anaziangalia juu ya mifupa ya kale, lakini mwenye anachunga mti anachunga na udongo yenye iko chini yake. Mujue kitu kimoja: Kongo tuko na fasi 5 mu urithi wa dunia wa UNESCO, Virunga 1979, Garamba na Kahuzi-Biega 1980, Salonga 1984, Okapi 1996. Zote 5 ni za pori na wanyama. Ya bantu hata moja. Sanga ingestahili, Ishango ingestahili.

Ya pili ni mawingu. Huku kwetu mawingu ni kila siku, na kule kwenu kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4. Kuko Sentinel-1, hiyo ni rada, inaona usiku na inapita mawingu. Haitakuonyesha shimo dogo hata kidogo. Lakini inaonyesha maji, na kwa bantu ba Kisale hiyo ni kubwa: ziwa ikipanda inakula pembeni, na makaburi iko pembeni. Huenda adui wako si wa pikipiki peke yake. Chukua picha za rada za mwezi wa 3 za miaka mitano, panga, uangalie maji inafika wapi.

Na ya tatu, yenye nilijifunza kwa uchungu. Tulikuwa na foto nzuri, tunaona shamba mupya ndani ya mupaka, tunaandika raporo, raporo inafika kiisha mwezi mbili. Siku tulipata muntu moja wa kijiji mwenye iko na telefone, tukamulipia unite za telefone kila mwezi, basi. Foto inamuambia aende wapi, yeye anatuambia ni nini. Bila yeye tulikuwa tunaangalia tu.

Drone naye banapenda kuiongelea. Usirushe bila ruhusa ya kuandikwa, huku kwetu unaweza kufungwa na hata kupigwa risasi, na karibu na mine nafikiri ni vilevile.

Mwana Kisale (Lubumbashi)

Bandugu, sijue niseme nini, aksanti haitoshe. Ile ya byungu bya batoto nilimusomea mama jioni. Akanyamaza. Kiisha akasema nkambo wake alikuwa anamwanga maji kidogo pale balirudishaka chungu, na yeye alifikiri ni desturi tu.

Sasa habari. Siku ya posho nilienda sibakafe na ule rafiki wa kompyuta, tukafungua Google Earth. Kuko foto ya miaka mitano nyuma, safi, na moya ya mwaka jana mwezi wa 6. Tulifanya gisi geometre alisema, tukachora mupaka, tukaangalia kivuli. Mu foto ya kwanza nyuma ya kijiji kuko nukta tatu tu, zinangaa upande wa jua, ni bichuguu, nabikumbuka hata mi. Mu foto ya pili kuko zile tatu na zingine tisa zenye giza yao iko mashariki. Mashimo. Nilikuwa nimehesabu 12 na miguu, donc tatu zilichimbwa kiisha foto ama ni chini ya mwembe.

Lakini tukaona na kingine chenye sikuwazia: upande wa pili, karibu na njia ya mitumbwi, kuko kundi ingine ya nukta, kama saba. Nikapigia mjomba, nikamuambia aende aone. Kesho yake akanipigia: ine ni ya matofali, ya mutoto wa sultani anajenga. Tatu iko na bigae.

Sultani alikasirika sana, hakujua. Sasa ameweka vijana babili, mi nawatumia unite kama vile ndugu wa Goma alisema, na mama anataka kupanda mu gari ya Bukama mwezi ujao kwenda kukaa na bale bazee, anataja kila fasi alikatazwa kuchezea, binti yangu anaandika mu kaye. Karte yake inabaki kwetu.

Mwalimu, barua nimeiandika, kurasa mbili, muhuri wa sultani utakuja na muntu wa mutumbwi. Kama una nafasi siku ya kwanza nikuletee uisome mbele niipeleke? Sitaki baikatae juu ya kosa ya maandiko.

Mwalimu wa Katuba

Lete. Siku ya kwanza natoka darasani saa saba, niko nyumbani kuanzia saa nane. Kuja na ile foto mbili kwa karatasi, si kwa telefone, na umuulize mjomba kama ule mufupa uliona umefunikwa.